Kiatu cha Kushoto

Chumba cha Cherehani,
Ghorofa ya Pili, Nyuma ya Stendi.
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo huko uliko? Mgongo umeachia, au bado unainama kama mtu anayetafuta sindano? Na shemeji, mzima? Sisi hatujambo. Mama macho yamepungua nguvu ila mdomo ni uleule. Jana tu kanigombeza kwa kuacha pini kwenye kochi.

Nina jambo la kukuungamia, mwaka wa ishirini na sita huu linanikaa kooni. Ngoja nianze na filamu, la sivyo nitaliacha tena.

Nimepata kazi ya kushona nguo za filamu, na usinicheke! Filamu yenyewe ni ya mapenzi. Msichana wa baleti, wale wanaosimama kwa ncha za vidole, anampenda kijana anayecheza barabarani huku watu wamemzunguka. Kijana mwenyewe tunamwita Springi, maana hana mifupa yule. Binti ni mpole, miguu imejaa malengelenge kama yako enzi zile.

Sasa, wachezaji wa baleti hushona tepe za viatu vyao wenyewe, kwa mkono. Mimi na kimbelembele changu nikasema nimsaidie. Nikapitisha cherehani, mshono ukanyooka, nikajisifu. Kumbe nimeshonea na ile kamba ndogo ya kukazia kiatu, haivutiki tena.

Walikuwa wanarekodi kwenye ngazi za jumba la maonyesho, mchana kweupe. Binti anazunguka, kiatu cha kushoto kikachomoka, kikaenda kugonga kamera. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini hakusimama. Aliendelea, mguu mmoja peku juu ya saruji. Springi akamtazama, akavua raba zake, akazitupa huko, akamfuata. Mwongozaji aliacha kamera iendelee. Na mimi nalia, pini mdomoni.

Nililia kwa ajili yako. Siku ile ya majaribio ya chuo cha dansi, ulipotafuta kiatu chako cha kushoto nyumba nzima, hukukipoteza. Nilikificha mimi, kwenye droo ya cherehani. Nilijua ukichaguliwa utaondoka na yule kijana wako wa kucheza sokoni, nami nibaki peke yangu na Mama. Tena nikajifanya kukutafutia, hata chini ya kitanda niliingia! Chuo ukakikosa, na kuondoka ukaondoka vilevile. Niliona wivu, mdogo wangu, na niliogopa. Nisamehe.

Binti nilimwomba radhi palepale. Alicheka, akanifundisha kushona tepe bila kugusa kamba. Kwako nimechelewa mno, najua.

Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe akishakunywa chai, na atakayoniambia nimeshayastahili. Msalimie sana shemeji, na wale mapacha wabusu kwa niaba ya mama yao mkubwa. Shangazi naye anauliza lini utakuja. Usimjibu mpaka uwe tayari.

Kiatu chako kimo ndani ya kifurushi hiki. Tepe zilikuwa zimeoza, nimetia mpya, kwa mkono. Kamba inavutika, nimeijaribu mara kumi.

Mungu akulinde, akupe na mgongo mpya.

Dada yako akupendaye, hata usiponijibu,

Fundi