Misumari ya Meza ya Baba Mkwe

Mpendwa Shangazi, nakuandikia nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, ingawa utanikasirikia tu, maana mimi mwenyewe nimejikasirikia mpaka nimechoka.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na tunaishi nyumba moja na baba mkwe wangu, ambaye ni fundi cherehani wa siku nyingi, mtaa mzima unamwita Fundi Nyoosha kwa sababu akikuvisha nguo mpya lazima akuambie nyoosha mgongo tuone inavyokaa, na tangu mama mkwe afariki yeye ndiye ameshika chumba cha mbele, cherehani yake iko dirishani na meza yake ya kukatia vitambaa iko katikati, meza ndefu ya mbao iliyokwisha rangi zamani sana. Mimi sina kazi ya ofisini lakini nina mkono, Shangazi, sijisifu, watu ndio wanasema, kreti za soda nimezigeuza rafu za vyombo, kabati la jikoni lililovimba maji nimelipiga msasa na mabaki ya rangi ya jirani mpaka wageni wanauliza tumelinunua wapi, mapazia yetu ni shuka za zamani nilizozitia rangi kwenye beseni, na kila ninachokifanya nakipiga picha ya kabla na picha ya baada nazituma kwenye kundi letu la akina mama, nao wananipigia makofi humo kwenye simu, basi kichwa kikavimba.

Mwezi uliopita Baba alikwenda kwa wifi yangu wiki mbili, nami nikaona huu ndio wakati wa kile chumba cha mbele, mume wangu nilipomwambia akasema fanya unavyotaka, chumba hicho kinaniaibisha mbele ya watu. Nikapaka kuta, nikashona foronya za mito kwa vipande vya vitambaa, halafu nikafika kwenye meza. Ilikuwa mbaya, Shangazi, ukingo wake mmoja una mapengo mapengo kama umetafunwa na panya, na kila baada ya mapengo kadhaa kuna kijisumari kimetoa kichwa. Nikaing'oa misumari yote kwa koleo, nikaziba mapengo kwa unga wa mbao niliouchanganya na gundi, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe mara mbili na vanishi juu. Jirani yangu anayeuza mitumba alikuwa amesimama mlangoni akaniambia, "Mbona hii misumari kama imepangwa? Haina kazi?" Nikamjibu, "Kazi gani, ya kuchania watu nguo?" Tukacheka, nikaendelea.

Baba aliporudi nilimshika mkono nikamwingiza kama bibi harusi. Akasimama mbele ya meza, akapitisha kiganja ukingoni kutoka kona hii mpaka kona ile, akarudia tena, akasema, "Imekuwa laini." Halafu akasema, "Laini kabisa. Ahsante, mwanangu." Akaenda kukaa karibu na cherehani yake na siku hiyo hakuomba chakula.

Siku tatu hakukata kitambaa hata kimoja, anasema mgongo, anasema uchovu wa safari, nami moyoni nikaona kama hanipi shukrani yangu. Siku ya nne asubuhi nampelekea chai nikamkuta ameinamia meza, futi yake inaning'inia shingoni kama kawaida, vidole vyake vinatembea ukingoni polepole kama mtu aliyeangusha sindano, na bila kuinua uso akaniuliza, "Mwanangu, ile misumari uliitupa?"

Nikamwambia, "Niliitupa, Baba. Ilikuwa na kutu."

"Haidhuru," akasema. Kisha akanivutia kiti, akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. "Namba za kwenye futi sizioni tangu mwaka juzi. Mtu namwona, kitambaa nakiona, ila namba zimekuwa kama sisimizi, zinatembea. Nikajiwekea alama pale ukingoni mapema, wakati bado naziona, kila pengo inchi moja, na misumari ya kunisaidia kuhesabu. Nikimpima mtu naibana futi kwa vidole, naileta pale mezani huku namtania asinitazame, vidole vinasoma." Akanishika mkono. "Usimwambie mwenzio. Akijua, kesho niko kwa wifi yako nahesabu kuku."

Nikamwahidi, Shangazi, huku nataka ardhi inimeze. Ndipo nikakumbuka kwamba miaka hii miwili sijawahi kumwona akiitazama ile futi.

Sasa hapa ndipo nilipojipalia makaa. Alipotoka kwenda kunyoa nywele, nilichukua simu nikafungua picha yangu ya kabla, nikaikuza, nikapima kwenye kioo cha simu kwa rula ya shule ya binti yangu, nikapiga hesabu, nikapigilia misumari mipya na kuchonga mapengo kwa msumeno mdogo, nikamaliza kabla hajarudi. Nikamwambia, "Baba, nimerudisha kila kitu kilipokuwa, kumbe nilikuwa nimeweka alama." Nilimdanganya mchana kweupe. Akagusa wa kwanza, akagusa wa pili, akagusa wa tatu, akaniwekea mkono kichwani akanibariki.

Lakini ile picha niliipiga nimesimama mlangoni, kwa upande, ili chumba kionekane kirefu, na vitu vilivyo mbali kwenye picha husogeleana, hilo nimeligundua baada ya maji kumwagika. Misumari ya mwanzo ilikaa sawa, ndiyo maana aliiamini, ya kuelekea kona ya mbali yote imebanana. Alikuwa amepokea kazi ya sare za wanafunzi wa uuguzi, magauni kumi na manane, akakata sita kwa siku moja, anaimba peke yake, mikono ya nguo ikatoka sawa na magauni yenyewe yakatoka mafupi karibu kiganja kizima, yote sita. Mlezi wa wanafunzi alipokuja kuyaona alimwambia mbele ya watu, "Fundi, hawa ni wauguzi, si wacheza mpira wa wavu."

Baba akayakunja magauni moja moja. Mlezi alipoondoka Baba aliweka mkasi mezani akaniambia kwa sauti ndogo, "Macho yaliponiacha nilinyamaza. Sasa na mikono." Jioni akamwambia mume wangu amechoka na kazi, cherehani iuzwe. Mume wangu hakushangaa hata kidogo, alisema yeye siku zote amekuwa akitaka mzee apumzike, na tayari amepata mnunuzi, anakuja kuichukua Jumamosi asubuhi. Tangu Jumatatu Baba hajaingia chumba cha mbele. Anakaa kwenye ngazi za nyuma, ameikalia mikono yake.

Mume wangu anasema chumba kile sasa kitakuwa sebule ya kweli, wifi yangu kwa simu anasema ni vyema, mzee ale jasho lake kwa amani, na mimi kuna wakati najiambia labda wako sawa, macho yenyewe yameisha, angekuja kujikata na mkasi bure, kwa nini nifungue mdomo nivunje nyumba wakati mambo yanajimaliza yenyewe. Lakini nikimwona pale kwenye ngazi nashindwa kuyaamini maneno hayo. Nikisema ukweli wa misumari itabidi niseme na ya macho, nami nilimwahidi. Nifanyeje, Shangazi? Niseme, au nikae kimya apumzike?

Ni mimi, Mkono wa Rangi

SHANGAZI ANAJIBU

Mkono wa Rangi, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekasirika kama ulivyotabiri. Kwa ajili ya hiyo Jumamosi yako nimemwomba mhariri aiweke barua hii leo Alhamisi, nikamruka bibi harusi mmoja aliyesubiri wiki tatu, naye anisamehe.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kupamba nyumba kwa mabaki ya rangi na shuka za zamani si kosa, ni akili, na hizo rafu za kreti ningezitaka hata mimi. Pole pia, maana naona umeumia kweli. Pole imeishia hapo.

Ile meza haikuwa pambo la chumba, mama. Ilikuwa chombo cha kazi cha mtu, na mwenyewe hakuwepo. Ungeingia gereji ukapaka spana rangi ya waridi kwa kuwa zina mafuta? Na usiniambie hukujua, kwa sababu jirani yako muuza mitumba alikuuliza waziwazi kama misumari ile ina kazi. Umeitaja kwa haraka haraka ukasema mlicheka. Mimi sikucheka. Wewe ulitaka picha ya baada.

Hata hivyo hilo ningelimaliza kwa sentensi mbili, kila mtu huharibu kitu. La pili ndilo limenikosesha raha. Mzee alikaa na wewe akakupa siri yake kubwa, yuko mbele yako, ana ulimi, na alikuwa anajua kila pengo lilipo. Kumuuliza "Baba, ilikaa umbali gani?" kungekuchukua muda gani? Hukuuliza kwa kuwa ulitaka uonekane umetengeneza, ukaona ni heri uiulize simu. Kisha ukampa uongo, naye akauamini akakata kitambaa.

Sasa nisikilize vizuri, maana nadhani hujalisikia jambo uliloliandika wewe mwenyewe. Baba mkwe wako haachi kazi kwa sababu ya macho. Ya macho aliyaweza miaka miwili bila mtu kujua, hata wewe uliyekuwa unampelekea chai. Anaacha kwa sababu anadhani mikono imemsaliti. Mtu mmoja tu duniani anajua kwamba mikono haikukosea, na mtu huyo amekaa juu ya ndoo anapima kama aseme au asiseme. Usiniletee neno kupumzika. Anayepumzika huwa ameamua mwenyewe. Huyu umemfukuza kazini, tena hajui ni nani aliyemfukuza.

Unasema ukifungua moja utalazimika kufungua na la pili. Si kweli, unajitafutia pa kujificha. Meza ni kosa lako, nawe una haki ya kulitangaza hata sokoni. Macho ni ya kwake, na atakayeyasema ni yeye. Yatenganishe.

Hivi ndivyo utakavyofanya, na utafanya leo. Chukua koleo uing'oe misumari yote uliyoipigilia, pamoja na ile ya mwanzo iliyokaa sawa. Itie kiganjani uende nayo kule kwenye ngazi za nyuma. Usimwanzishie maelezo marefu ya picha na rula. Mwambie, "Baba, mikono yako haikukosea. Misumari niliipanga mimi, vibaya, nikakudanganya kwamba ndipo ilipokuwa." Mpe misumari mkononi ahesabu mwenyewe, kisha unyamaze. Akifoka, mwache afoke. Akinyamaza, hapo ndipo patakapokuwa pagumu, na hapo pia ukae, usikimbilie jikoni kujitia unaosha vyombo.

Mumeo akirudi, mwambie kwamba magauni yaliharibika kwa vipimo vyako na mnunuzi asije Jumamosi. Atauliza vipimo vyako vimeingiaje kwenye kazi ya babake. Hapo umtazame mzee, na kabla ya hapo uwe umeshamwambia kwa heshima kwamba siri yake huitoi lakini uongo mpya pia hutungi. Akitaka kusema, ukae naye bega kwa bega. Mzee mwenyewe mkumbushe pia jambo moja ambalo ninyi wawili mmelipita kama halipo: hakuna aliyesema kwamba mzee huyu amewahi kumwona daktari wa macho. Sijui macho yake yana nini, nawe hujui, naye hajui. Mpeleke wewe, siyo wifi yako.

Kwa mlezi wa wauguzi utakwenda kwa miguu yako, umwambie aliyekosa ni nani. Yale mafupi sita, fundi wa siku nyingi anajua jinsi ya kuyaongezea pindo, ukimrudishia moyo wake atakufundisha na wewe. Yaliyobaki ni kumi na mawili na kitambaa bado hakijakatwa.

Halafu mrudi mezani nyinyi wawili. Wewe utashika futi na kusoma namba kwa sauti, basi. Yeye ndiye atakayesema "hapa", yeye ndiye atakayeshika nyundo. Rangi yako nyeupe itachubuka kwenye kila msumari na kila pengo, na utawashwa mkono uchukue brashi. Iache ilivyo, na usiipige picha.

Weka gazeti chini sasa hivi, usimalizie hata ukurasa wa michezo. Mzee wa watu bado ameikalia mikono yake.