Nilihitaji Kumi na Mbili

Ngamiani, Tanga
Julai 1956

Kwa dada yangu kipenzi Fakhria,

Assalaam alaikum, na shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mwera, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku kwa mwili hatujambo. Kwa moyo ndiko kwenye maneno, na wewe ndiye wa kuambiwa.

Chama chetu cha akina mama kinatafuta wafundishaji wa mapishi. Kila anayetaka hupika mkate wa kumimina mara nne, mabibi watatu huonja, kisha huafikiana alama moja, ya juu kabisa ikiwa kumi. Atakayefikisha wastani wa nane hupewa darasa lake na mshahara wake. Dada, tangu niolewe sijapata kushika kazi inayotajwa kwa jina langu. Hii niliitaka mpaka nikawa naiota.

Mkate wa kwanza nilipata saba. Wa pili makaa ya juu yalizidi, ukaungua, nikapewa tano. Wa tatu nane. Jirani yetu Mwatumu, yule mjane mwenye kishaufu puani, yeye alikuwa na nane, saba, na nane.

Sasa sikia. Himyar wangu si mwalimu wa hesabu? Basi Mwatumu alimjia amweleze mkate wake wa nne upate ngapi ili afike. Himyar akamketisha barazani, akaandika kwa chaki sakafuni, wakainama pamoja. Mimi nina wivu, sikufichi. Nilipeleka kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza, nikafagia mahali pasipo na taka. Nilimsikia akimwambia waziwazi kwamba lazima apate tisa, nane haitamfikisha, na kwamba mkate wake wa pili ulikuwa mbovu. Nikafurahi! Nilijua mwanamume hasemi hivyo na mwanamke anayemtamani.

Mgeni alipoondoka nikauliza yangu. Himyar alinishika bega, akasema nikipata nane yatosha, nisijichoshe. Nikaridhika.

Aliyeniharibia ni Mwatumu mwenyewe. Tulipokuwa bombani alinifunza ile hesabu, kwa kujishaua tu. Alisema alama usiyoijua unaiita eksi, nayo ni kama mwanamke aliyejifunika buibui: uso huuoni, lakini ukiwajua wenzake wote waliokuja naye, utamtaja ni nani. Mikate minne mara nane ni thelathini na mbili. Ulizokwisha kupata, ukiongeza eksi, zifike hapo. Zake zilikuwa ishirini na tatu, eksi ikawa tisa. Nikarudi nyumbani nikaweka zangu. Saba na tano na nane, ishirini. Eksi yangu ilipofunua uso ilikuwa kumi na mbili.

Kumi na mbili katika kumi, dada! Nilidhani nimekosea, nikarudia ya Mwatumu, ikatoka tisa ileile. Basi Himyar alijua siku ile ile kwamba mimi nimekwisha kushindwa.

Hapo ndipo wivu uliponishika kweli; ule wa kahawa ulikuwa mchezo. Mwatumu alipewa ukweli kama mtu mzima, mimi nikabembelezwa kama mtoto aliyevunja kikombe. Nakuungamia jambo la aibu: ningeona nafuu kama Himyar angemshika Mwatumu mkono.

Mkate wa nne niliupika hata hivyo. Mchele nilioroweka mwenyewe, tui la kwanza tupu, makaa nimeyakalia macho. Mabibi wakanipa kumi, ambayo hawajampa mtu, na vigelegele vikapigwa. Mwatumu akapata tisa, darasa likawa lake.

Himyar aliporudi alianza kunieleza kwamba mabibi huenda wamebadili masharti. Nikamkatiza nikamwambia kumi na mbili, basi. Akasema aliogopa nitalia. Nikamjibu kwamba kulia ninajua tangu utotoni, na machozi yangu hayajamzamisha mtu. Nikamwambia sitaki kanga wala pole, nataka kufunzwa hesabu.

Jana alinifunza. Ya kwanza niliikosa. Alinitazama, akasita, nikaona kabisa uongo mtamu ukimjia mdomoni. Kisha akasema nimekosea, nifute nianze upya. Dada, tangu anioe hajaniambia neno zuri kuliko hilo.

Nibusie watoto, na shemeji mpe salamu zangu nyingi. Himyar naye anakuamkia.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Harusi binti Amur