Helmeti ya Arnold

Umm Salal, 9 Januari 2025

Kwa Dada yangu mpendwa Nyanchama,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini u mzima na zamu za hospitali hazijakumaliza. Mimi ni mzima, ila pua imeungua. Ulisema sauti za kurekodi hutazisikiliza tena, basi naandika, usije ukasema sikulelewa.

Kazi mpya ni nzuri. Wakanada wamekodi shamba huku, wenyewe wanaita izba, na nyuma ya mitende kuna uwanja wa mchanga wenye matuta marefu kuliko nyumba ya Mama. Kwao sasa ni theluji tupu, kwa hiyo wanafanyia mazoezi hapa mpaka mashindano ya motokrosi mwisho wa mwezi. Mwendeshaji ni msichana anaitwa Chelsea. Ukimwona chini utadhani ni wa kwaya, lakini akipanda ile pikipiki utaomba. Anaruka tuta na kukaa hewani mpaka mimi ndiye ninayekosa pumzi. Kocha wake ni Bradley, mtu wa maneno machache.

Niliajiriwa udereva, sasa nimekuwa kila kitu. Naosha pikipiki, nasafisha helmeti na miwani, na Chelsea akipita namwinulia ubao wenye maagizo ya Bradley, maana kwa ile kelele hakuna anayesikia mtu. Akiusoma hutikisa kichwa, ndipo najua ameelewa. Jana amekula ugali na sukuma kwangu, kwa mkono, akaniita "bro". Bradley amesema msimu ukienda vizuri nitaondoka nao kwenda Kanada. Usimwambie Mama bado, atalitangazia kanisa zima.

Nasikia wewe utakuwa kwenye hema la huduma ya kwanza siku ya mashindano. Basi tutakutana kazini kama watu wakubwa.

Mdogo wako,
Laban


Doha, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Laban,

Salamu zako zimefika, nami nazirudisha. Mimi mzima, miguu ndiyo inalalamika, lakini nani amewahi kuiuliza miguu. Mama hajambo. Ndugu yetu Arnold bado anabeba abiria wa boda boda pale nyumbani Keroka kichwa wazi, eti helmeti inamharibia nywele.

Nimefurahi kwa ajili yako, ila usikate mbeleko mtoto hajazaliwa. Kanada ya mdomoni haina viza.

Ni kweli, mimi ndiye nitakayewahoji waendeshaji kabla hawajaingia uwanjani. Swali kubwa ni moja: umegonga kichwa mazoezini? Aliyegonga hapandi tena mpaka apone, kwa sababu kichwa kikipigwa mara ya pili ubongo haujatulia, mtu anakwisha. Nao hudanganya, kila mmoja anataka kushindana. Wewe huhitaji kuelezwa. Ulikuwepo Baba alipoanguka na pikipiki, akainuka, akapangusa suruali, akala, akatucheka kwa uoga wetu. Asubuhi hakuamka. Nilisomea unesi kwa sababu ya ile asubuhi.

Kwa hiyo wewe ni macho yangu huko. Kitu kikitokea, uniambie.

Dada yako,
Nyanchama


Doha, 25 Januari 2025

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, ingawa kimya chako kimenikalia vibaya.

Jana Ijumaa kanisani nimekutana na Kioko, yule anayeendesha lori la kumwagilia maji uwanja wenu. Akaniambia hivi: "Sista, kale kasichana ka Kanada kaliangushwa mbaya hii wiki. Kalilala pale hata hakasongi. Laban na kocha ndio walikabeba."

Nijibu neno moja tu. Aligonga kichwa au hakugonga? Nikiwa na neno lako nitamwambia daktari, naye atamsimamisha, na hakuna atakayejua limetoka kwa nani.

Dada yako,
Nyanchama


Umm Salal, 26 Januari 2025

Dada mpendwa,

Pole kwa wasiwasi na unisamehe kimya, kazi zimenizidi. Natumaini afya yako ni njema.

Kioko humjui? Akiona moshi anasema mji umeungua. Alikuwa mbali, kwenye lori lake, aliona vumbi tu. Chelsea aliangukia bega, akapumzika, akapanda tena. Kichwa hakikuguswa. Kama huniamini, naapa kwa kaburi la Baba.

Nimempa dereva wa gari la mkate boksi akuletee. Liweke kwako mpaka Loice, mwenzako wa zamu, asafiri baada ya mashindano, alifikishe nyumbani. Ni zawadi ya Arnold: helmeti ya Chelsea mwenyewe. Amepata mpya, na hii Bradley aliniambia niitupe. Kitu cha bei kama kile kitupwe, na ndugu yangu anatembea kichwa wazi? Ilikuwa na mchubuko kidogo pembeni, nimeubandikia stika ya bendera yetu, sasa inapendeza. Arnold hatakuwa na kisingizio tena.

Mdogo wako asiyeweza kukudanganya,
Laban


Umm Salal, 3 Februari 2025

Dada mpendwa,

Natumaini u mzima. Nimekupigia simu hushiki, basi naandika.

Wewe ulikuwa hemani, hukuona. Lango la kuanzia mbio lilipoanguka Chelsea alitoka wa kwanza, akawaacha wenzake wakila mchanga wake. Mizunguko miwili hakuna aliyemkaribia. Wa tatu nikamwinulia ubao, akanitazama, hakutikisa kichwa. Tuta lililofuata wote hukata kushoto. Yeye alinyoosha tu, kama aliyesahau uwanja umepinda wapi. Kilichofuata ulikiona wewe mwenyewe.

Dada, ni ajali. Huu mchezo ndivyo ulivyo. Nilipokuona umeshika shingo yake, ukainua macho ukaniangalia, niliinama kuokota ubao. Bradley anasema wote tuseme mazoezi yalikwenda salama. Nami ndivyo nitakavyosema, na wewe ukiulizwa sema hivyohivyo. Tumwombee apate fahamu.

Mdogo wako,
Laban


Doha, 8 Februari 2025

Laban,

Salamu leo sina.

Loice alisema boksi ni kubwa mno kwa begi lake, nikalifungua nimpe helmeti peke yake. Kona ya stika yako ilikuwa imeinuka. Nikaivuta. Chini ya bendera kuna ufa unaoanzia juu ya sikio mpaka kisogoni. Nikatoa kitambaa cha ndani, nikakuta lile povu gumu limebonyea na kupasuka. Kidole gumba changu kiliingia chote.

Ilikuwa chini ya kitanda changu siku zote hizo. Nililala juu yake, asubuhi nikaenda nikamwambia daktari, huyu msichana ni mzima, ndugu yangu ameniapia. Daktari alikuwa tayari kumzuia. Alisubiri neno langu, nami nikampa lako.

Chelsea alinidanganya, nilitarajia. Bradley alinidanganya, simjui wala hanijui. Wewe nimekubeba mgongoni. Na kati ya viapo vyote duniani ukachagua kile. Halafu kichwa kilichogongwa mle ndani hukukiogopa, ukataka na Arnold avae.

Helmeti nimempelekea daktari, wajue wanatibu kipigo cha pili. Nimesema ilikotoka na nilimwamini nani. Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Nimeumia, Laban, na si kwa ajili ya kazi.

Dada yako,
Nyanchama


Umm Salal, 15 Februari 2025

Dada yangu wa pekee,

Salamu nakuletea ingawa najua hutazipokea. Natumaini unapata usingizi. Mimi sipati.

Bradley ameondoka. Kabla ya kupanda ndege aliwaambia wachunguzi kwamba Chelsea alipoanguka alikuwa na dereva peke yake, na dereva hakumwambia mtu. Dereva, hata jina langu hakulitaja. Yeye ndiye aliyeniambia nikifungua mdomo nisahau Kanada. Izba imefungwa, na mandubu wa kampuni, yule anayeshughulikia vibali vyetu, ameniita nipeleke kitambulisho. Wananirudisha nyumbani.

Watakuamini wewe tu. Waambie Bradley ndiye aliyeagiza. Na nakuomba uongeze kidogo: waambie nilikudokezea ile habari, ila kwa uchovu wa zamu ikakupita. Wewe una cheti, utapata kazi popote. Mimi nikirudi nitakuwa nani? Nisaidie mara hii moja.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Laban


Doha, 2 Machi 2025

Laban,

Chelsea amefumbua macho. Mama yake, Melissa, amekuja kutoka Kanada. Ananiona mimi kama nesi aliyemwokoa binti yake, kila nikienda ananipa chai na kunishukuru, nami nainywa. Chelsea anajua jina lake, lakini kila asubuhi anauliza kama mashindano ni leo. Halafu anauliza, "Bro yuko wapi na ubao?"

Wachunguzi nimewaambia yote. Agizo la Bradley nimelisema, kwa kuwa umeliandika kwa mkono wako. Maneno ya Kioko nimeyasema, na kiapo chako. Ulichoniomba niongeze sikuongeza. Mara ya kwanza ulinidanganya kwa hofu, hilo ningeweza siku moja kulisamehe. Mara ya pili ulikaa, ukafikiri, ukaona ni sawa mimi nibebe.

Arnold alipiga simu kuulizia helmeti yake. Nimemwambia imevunjika. Akauliza nani kaivunja, nikamwambia atamuuliza anayekuja. Yeye ndiye atakayekupokea stendi na boda boda yake, kichwa wazi kama kawaida.

Mama anajua unarudi, hajui kwa nini. Atakuwa amepika. Lakini usianzie mezani. Kaburi liko palepale nyuma ya jikoni, unapajua. Anzia hapo, umwambie Baba mwenyewe ulimwapia nini.

Nyanchama