Mama Hakusikia Kitu

Akello dada, usinipigie simu, nitalia mbele ya watu. Tumetoka hospitali kwa ile kipimo ya mkojo ya mama.

Walimwekea mpira ya mkojo imeunganishwa na mashine, wakaanza kujaza maji kwa kibofu pole pole. Daktari akamwambia, "Mama, ukisikia mkojo, sema."

Mama kimya. Wakaongeza. Kimya! Tumbo inafura nikiona na macho yangu.

Si unamjua. Miaka yote anajisifu shambani ati yeye hakojoi mpaka majani chai ipimwe, ananicheka mimi wa kukimbia kichakani. Nikajua anashindana na mashine. Nikamnong'onezea, "Mama, hapa hakuna mizani, sema tu."

Akanishika mkono. "Velma, sisikii kitu."

Sisikii kitu, Akello. Na maji yote hiyo!

Daktari anasema kibofu ilivutika kwa kubana mkojo miaka mingi, sasa imekufa ganzi na haitarudi. Atakojoa na mpira mpaka siku ya kufa. Unajua mama aliuliza nini? Kama mpira itamzuia kuchuna.

Najua saa hii uko shambani na umebana mkojo kama yeye. Weka kikapu chini. Enda.