Nondo Ndani ya Ua la Mama Mkwe

Ibanda, Bukavu

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi binti yako Fabiola. Sisi huku tu wazima, na mume wangu Guylain anakusalimu sana. Je, mguu wako umepona? Mvua ya huko kijijini Miti haijaozesha maharagwe? Nakuandikia kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, na jirani yako Maman Marcelline anasikia kila kitu.

Mama, uliniambia nirudi nyumbani, la sivyo niliue lile ua la mama mkwe linalokula inzi. Ulisema ndilo linalokula mimba zangu, na ndilo lililowakimbiza wake wa shemeji zangu. Nilikutii. Baada ya Pasaka, yeye akiwa kanisani, nilichemsha maji nikaenda nayo barazani.

Majani ya ua hilo yamejikunja kama chupa, na ndani mna maji ya kuzamisha wadudu. Nilipoinamisha birika, nikaona nondo mdogo wa manjano ametulia ndani ya jani. Katika jani la pili kiwavi alikuwa amefunga mlango kwa nyuzi zake, anakula ukuta polepole. Mkono ulikataa, Mama.

Mama mkwe alinikuta hapo hapo. Nilingoja matusi, lakini alilichukua birika akasema tu, “Maji isipotee bure, tufanye chai, mutoto wangu.”

Tukinywa, aliniambia anajua kwamba watu humwita mchawi. Ua aliletewa na kaka yake padri kutoka ng’ambo, na nondo walikuja nalo. Huzaliwa humo, hukulia humo, na halijawahi kuwala. Wale wake wa shemeji zangu waliondoka bila hata mmoja kumwuliza. Hapo akalia, nami nikalia naye.

Sasa kaa chini, Mama. Siku ile ya birika nilikuwa tayari na mimba, na hofu ya kuipoteza kama zile mbili ilinimaliza. Hata Guylain sikumwambia. Mama mkwe aliniuliza kabla chai haijapoa, nikamjibu. Nisamehe kwamba hukuwa wa kwanza. Sasa mtoto ameanza kucheza tumboni.

Kwa hiyo sirudi. Njoo wewe. Mama mkwe ameshakutandikia kitanda chumbani kwake, na ua lake amelihamishia nyuma ya nyumba usije ukaogopa. Nimemwomba alirudishe barazani. Nataka ulione.

Wasalimu wote. Maman Marcelline akiuliza habari zangu, mwambie nimenenepa tu.

Mwanao akupendaye,
Fabiola