Zamu ya Theluji

Bergen, 3 Machi

Kaka Eilif,

Natumai goti limepona na mbwa ameacha kutafuna viatu. Hapa ni mvua tu, nami naikumbuka theluji ya kwetu. Nakumbuka marehemu baba akiwakaribisha wenzake wenye magari ya kuondoa theluji barabarani, wakila lefse, ile mikate myembamba ya viazi ya mama, jikoni. "Haya, mwaka huu zamu ya nani?" aliuliza, nasi tukidhani ni karata.

Jana ofisini kwetu, tunakokagua ushindani wa biashara, nilichambua zabuni za kuondoa theluji huko kwetu za miaka kumi na minne. Wanaoshindana kweli, bei zao hupanda na kushuka bila mpangilio. Kampuni hizi tatu zilishinda kwa zamu, na aliyeshindwa kila mara alizidi bei ya mshindi kwa asilimia nne ileile. Mwenzangu Solveig akacheka: "Wanaachiana kama watoto kwenye bembea, dada."

Mimi sikucheka. Kampuni ya tatu ni yako.

Nimemkabidhi Solveig faili na kumweleza sababu. Siruhusiwi kukuonya, kwa hiyo barua hii naifungia kabatini. Ukiisoma, wakaguzi watakuwa wameshafika kwako. Ujue tu zamu zile nilizitambua upesi, maana kule jikoni kwa mama, aliyekuwa akiwamiminia kahawa ni mimi.

Dada yako akupendaye,
Gunnvor