Njiti ya Kiberiti Mbele ya Kemunto

Moraa, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu kutoka hapa hospitali, Kisii. Mvua hainyamazi. Kemunto wangu, yule aliyewashinda mbio wavulana wa shule nzima, bado hawezi kuinua miguu. Dresa wa wodi, yule msaidizi wa daktari, anasema ni polio, na udhaifu ukipanda mpaka kifuani, mashine ya kumsaidia kupumua iko Nairobi tu.

Kila asubuhi dresa anawasha njiti ya kiberiti karibu na mdomo wa mtoto ili aipulize, tujue kifua kina nguvu. Leo moto uliinama tu. Nikashtuka, nikauzima mimi!

"Mama, mgonjwa ni wewe?" dresa akanigombeza.

Kemunto akacheka, lakini kicheko hakikuwa na sauti. Dresa akawasha nyingine, Kemunto akaipuliza, nayo ikawaka mpaka ikamchoma dresa vidole.

Sasa wanatafuta gari la kutupeleka Nairobi. Siku ya Sabato watu wa kanisa wakikuuliza huko Nyaramba, sema binti yangu amewapendeza manesi wote kwa Kiswahili chake safi. Kwamba natetemeka, ujue wewe peke yako.

Mungu awashike watoto wako miguu na vifua.

Dada yako anayekupenda,
Nyaboke